Maswali ya Wasomaji: Gemu za Kuchezesha Mwili Ndani ya Gari-Nyumba

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa watu wanaoishi ndani ya gari-nyumba, yaani gari lenye kitanda, jiko na choo chake. Wanataka kucheza gemu zile zinazomtoa mtu jasho: ngumi, dansi, tenisi, kukimbia papo hapo mbele ya runinga. Inawezekana, na kwa anayeshinda kwenye usukani au kwenye kiti ni jambo la kuhimizwa sana. Ila mwenye nyumba ya matofali hawazi kama sakafu yake itayumba au kama umeme utafika raundi ya mwisho. Ninyi mnalazimika kuyawaza hayo, kwa hiyo tumeweka vipimo popote vinapohitajika.

SWALI: Ujia wa gari letu una upana wa sentimita 65, na kutoka runinga hadi mlango wa choo ni mita 2.4. Dari iko mita 1.95. Tunaweza kununua konsoli moja tu. Kati ya Xbox yenye Kinect, Wii na Nintendo Switch, tuchukue ipi?

JIBU: Chukueni Switch. Ikishindikana, Wii iliyotumika. Kinect iacheni.

Tofauti iko kwenye namna kifaa kinavyojua kwamba umejongea. Kinect, iliyotoka mwaka 2010, ni kamera inayomtazama mtu mzima. Mchezaji mmoja anatakiwa asimame kama mita 1.8 mbele yake, wawili mita 2.4, na katikati pawe peupe. Kwa urefu mnafika kwa shida, lakini upana unawaangusha. Kochi upande huu na kabati upande ule vinaficha viwiko na magoti, na kamera inaanza kuhesabu ukingo wa kochi kuwa sehemu ya mguu wako. Utaruka, na yule wa kwenye skrini atabaki amesimama. Tena Microsoft iliacha kuitengeneza mwaka 2017, hivyo ikifa mtabaki kutafuta ya mitumba.

Switch na Wii hazimtazami mchezaji. Vihisi vya mwendo vimo ndani ya pedi aliyoishika; pedi yenyewe inajua imezungushwa vipi na kwa kasi gani. Mtu anaweza kusimama mita moja kutoka kwenye skrini, kabati limembana kulia na kushoto, na gemu ikamwelewa vizuri tu. Angalizo moja wakati wa kununua: Switch Lite haitoi picha kwenye runinga na pedi zake hazichomoki. Mnataka Switch ya kawaida yenye kituo chake cha kuunganishia runinga.

Sasa gemu zenyewe. Kwa ujia wa sentimita 65, ngumi ndiyo inayokaa vizuri kuliko zote, kwa sababu mkono unakwenda mbele na kurudi. Fitness Boxing inataka hatua ndogo tu, na mchezaji akielekea urefu wa gari hagusi chochote. Just Dance kwenye Switch inasoma mkono wa kulia ulioshika Joy-Con, ile pedi ndogo ya Switch inayochomoka, basi. Miguu haihesabiwi. Kwa hiyo punguzeni hatua za pembeni ziwe kujongea papo hapo, mkono uchezeni kikamilifu, na pointi zitakuja zile zile.

Ring Fit Adventure ya mwaka 2019 ina duara la kubana lenye Joy-Con moja, na nyingine hufungwa kwenye paja la kushoto. Mazoezi yake ya kulala chini yanahitaji urefu zaidi ya upana, na urefu mnao. Shida ni yale ya kuinua duara juu ya kichwa. Mtu wa mita 1.70 akinyoosha mikono juu hufika takriban mita 2.15, na dari yenu iko 1.95. Gemu inamruhusu mchezaji kuchagua mazoezi atakayopigania nayo. Yaondoeni yale ya juu, wekeni ya kuchuchumaa na ya kubana duara kifuani.

Tenisi na gofu ni za kuangaliwa kwa jicho kali. Tenisi ya Wii Sports inakubali pigo fupi la kifundo cha mkono, na kwenu hilo ndilo pigo halali. Gofu chezeni nje.

Kabla ya gemu yoyote, mchezaji asimame mahali pake, anyooshe mkono ulioshika pedi, azunguke polepole mzunguko mzima. Popote pedi inapogusa, bandikeni sponji ngumu ya milimita 10. Pembe za makabati ya juu na taa za dari ndizo zinazopigwa zaidi. Madirisha ya magari mengi ya aina hii ni ya plastiki ya akriliki, hayavunjiki kama kioo lakini yanapata mikwaruzo isiyofutika. Na kamba ya pedi ivaliwe kifundoni kila mara, hata kwa raundi moja.

SWALI: Tukicheza dansi gari zima linayumba, vyombo vinagongana kabatini, na Joy-Con inaelekea kulia yenyewe. Je, tunaharibu gari?

JIBU: Kuyumba hakuliharibu gari. Kurukaruka mahali pamoja kunaweza kuharibu sakafu. Ni mambo mawili, tuyatenganishe.

Mwili wa gari umekalia springi na una mdundo wake wa asili, kiasi cha mara 1 hadi 2 kwa sekunde. Wimbo wa mapigo 120 kwa dakika, ukiyumba kulia na kushoto mara moja kila mapigo mawili, unaangukia humo humo. Kila hatua inaongezea nguvu ile iliyotangulia, kama mtoto anayesukumwa bembea kwa wakati wake, na ndiyo maana wimbo mmoja unatikisa gari na mwingine wenye kasi zaidi hautikisi. Dawa ni kuziondolea springi kazi.

Anzeni na kuliweka gari sawa.  Wekeni pimamaji sakafuni, kwanza kwa urefu kisha kwa upana, na pandisheni tairi la upande wa chini kwenye vipandio vyake hadi kiputo kikae katikati. Kisha hendibreki juu, gia ndani, kabari chini ya matairi, na hapo ndipo mnashusha miguu ya jeki ya kwenye pembe. Shusheni kila mguu hadi uguse kibao chake, kisha ongezeni nusu mzunguko hadi mzunguko mmoja mpaka uhisi umekaza. Isipokuwa gari lenye mfumo wa haidroliki uliotengenezwa kwa kazi hiyo, miguu hii ni ya kutuliza gari, haikuundwa kuliinua. Anayeitumia kunyanyua tairi hupinda fremu au huchubua nyuzi za skrubu, na mguu haushuki tena. Kwenye udongo laini wekeni kibao cha sentimita 30 kwa 30 chini ya kila mguu. Chezeni dakika kumi, tokeni, kazeni tena, maana udongo utakuwa umezama kidogo. Na tundikeni kitambaa chekundu kwenye usukani mara tu miguu inaposhuka, dereva asije akaondoka nayo iko chini.

Mahali pa kusimama pana maana kubwa. Nyuma ya ekseli ya nyuma ndiko gari linakorushwa zaidi. Simameni kati ya ekseli mbili. Elekeeni urefu wa gari na mfanye hatua zenu za mbele na nyuma badala ya pembeni, kwa sababu gari ni refu kuliko lilivyo pana na huyumba kidogo sana kwa upande huo.

Turudi kwenye sakafu. Sakafu nyingi za magari haya ni mkate wa tabaka tatu: plaiwudi, povu, plaiwudi, vyote vimegandishwa kwa gundi. Ukirukia sehemu ile ile siku baada ya siku, gundi inaachia na povu linabonyea. Dalili ni sakafu inayobonyea chini ya kisigino na kutoa mlio wa mkwaruzo. Likishafika hapo ukarabati wake ni mgumu, hivyo kingeni mapema. Kata plaiwudi ya milimita 12, upana sentimita 60 na urefu 120, paka vanishi pande zote, bandika chini yake mkeka wa mpira wa milimita 5 usiteleze, na juu yake mkeka wa mazoezi wa milimita 10. Uzito wa ubao ni kama kilo 5, na unasambaza kishindo cha kisigino kwenye eneo kubwa. Kama gari lenu lina chumba kinachochomoza pembeni, msiruke juu yake kabisa. Kinabebwa na reli au mikono ya chuma, chini yake hakuna magurudumu.

Kuhusu Joy-Con inayokwenda yenyewe: mara nyingi ilisawazishwa gari likiwa linatikisika. Kihisi chake kinahitaji kukaa kimya kabisa ili kijue "sifuri" ni ipi. Mtu mmoja akitembea ndani, kinajifunza sifuri ya uongo. Zimeni pampu ya maji, kila mtu atoke au aketi, chomoeni Joy-Con kwenye konsoli na muilaze sakafuni juu ya ubao, si juu ya meza inayoning'inia. Ingieni kwenye mipangilio ya mfumo, sehemu ya pedi na vihisi, mchague kusawazisha vihisi vya mwendo, na mfuate maelekezo ya skrini. Kama inayokwenda yenyewe ni ile fimbo ya kidole gumba hata mkono ukiwa umetulia, huo ni ugonjwa mwingine, wa fimbo yenyewe kuchakaa, na kusawazisha vihisi vya mwendo hakutausaidia.

SWALI: Nina betri moja ya asidi ya 12V, ampia-saa 100 (100Ah), na inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani) ya wati 1000 iliyofungwa karibu na runinga, mita 4 kutoka kwenye betri, kwa waya wa milimita 2.5 za mraba. Konsoli yangu kubwa ikianza gemu, inveta inapiga kelele na kuzima. Betri ni mpya. Ninunue inveta kubwa zaidi?

JIBU: Hapana, ndugu. Inveta yako ni kubwa kupita kiasi tayari. Mkosaji ni waya.

Tufanye hesabu. Konsoli kubwa inakula kama wati 150 ndani ya gemu, runinga ya inchi 24 wati 30. Jumla 180. Inveta inapoteza takriban asilimia 15, kwa hiyo betri inatoa wati 212, ambazo kwa 12V ni kama ampia 18. Umeme unakwenda mita 4 na kurudi mita 4. Mita 8 za shaba ya milimita 2.5 za mraba zina ukinzani wa omu 0.055, zidisha kwa 18 upate volti 1 nzima inayopotea njiani. Betri yako ikiwa na 11.9V chini ya mzigo, inveta inaona 10.9V. Inveta nyingi hupiga kengele zinapofika karibu 11V, na zikishuka kidogo tena hujizima ili kuilinda betri. Inatimiza wajibu wake. Guseni waya huo baada ya nusu saa ya mchezo mtaukuta una joto: volti iliyopotea ndiyo hiyo.

Ihamishe inveta iwe karibu na betri, ndani ya mita moja. Sehemu ndefu ya safari ifanywe na umeme wa volti kubwa, ambao kwa wati zile zile hubeba ampia chache. Usiifunge ndani ya sanduku moja na betri ya asidi, maana hiyo hutoa gesi inayowaka wakati wa kuchajiwa. Kwa mzigo wako inveta ya wati 300 yenye wimbi safi, yaani inayotoa umeme laini kama wa nyumbani, inatosha. Ikibeba wati 300 kamili itavuta kama ampia 29, kwa hiyo waya wa milimita 10 za mraba na fyuzi ya ampia 40, iliyofungwa sentimita 20 hivi kutoka kwenye ncha chanya ya betri. Fyuzi inaulinda waya usiwake moto pakitokea shoti, ndiyo maana haifai kuwekwa mwisho wa waya. Ukiibakiza ile ya wati 1000, waya na fyuzi vinapaswa kulingana na ukubwa wake, yaani karibu ampia 100, na itaendelea kunywa umeme hata ikiwa haina kazi. Usiichomeke inveta kwenye soketi ya kiberiti. Nyingi zimewekewa ampia 10, sawa na wati 120.

Kuhusu muda: betri ya asidi isishushwe chini ya nusu, la sivyo maisha yake yanakatika upesi. Una ampia-saa 50 za kutumia. Kwa ampia 18 hizo ni chini ya saa 3, na hapo friji na pampu hazijachukua chao. Betri ya lithiamu ya ukubwa huo ingekupa kama 80, yaani saa 4 na dakika 25 hivi. Pima betri ya asidi ikiwa imepumzika bila mzigo saa kadhaa: 12.1V ni karibu nusu, acha kucheza. Kwa lithiamu volti haisemi ukweli, inakaa pale pale hadi karibu na mwisho. Funga kipimo kinachohesabu ampia zinazoingia na kutoka.

Njia iliyo nafuu kuliko zote ni kuiacha inveta kabisa. Switch kwenye runinga inakula wati 15 hivi. Ukiwa na runinga ya 12V, jumla ni wati 45, ambazo ni ampia 3.75, na zile ampia-saa 50 zinakupa zaidi ya saa 13. Kituo cha Switch kinataka 15V kwa ampia 2.6, chaja ya simu ya 5V itachaji konsoli lakini picha haitatokea kwenye runinga, na wengi hudhani kituo kimekufa. Tafuta chaja ya 12V yenye tundu la USB-C la wati 45 au zaidi, na usome ubavuni kama imeandikwa 15V/3A. Wii nayo inakula 12V, ampia 3.7 kwa mujibu wa adapta yake, lakini usiiunge moja kwa moja: betri inapochajiwa hupanda hadi 14.4V. Weka katikati kidhibiti volti kinachotoa 12V thabiti, ampia 5.

SWALI: Ubao wa Wii Balance Board unasema ninaegemea kushoto, wakati nimesimama wima.

JIBU: Gari limeinama. Ubao una vihisi vinne vya uzito, kimoja kila pembe, na ukiwekwa kwenye mteremko wa digrii 2 tu uzito wako kweli unaangukia zaidi upande wa chini. Weka pimamaji juu ya ubao wenyewe, si sakafuni. Ingiza vipande vya plaiwudi chini ya miguu ya upande wa chini hadi kiputo kitulie, kisha uwashe gemu bila mtu juu yake. Zulia nene nalo hudanganya vihisi, kwa hiyo chini yake paweke pagumu. Na dari je? Ubao unamwinua mtu sentimita 5 hivi, akumbuke hilo kabla ya kunyoosha mikono.

SWALI: Je, miwani ya uhalisia pepe kama Meta Quest inafaa ndani ya gari-nyumba?

JIBU: Inafaa ukiwa umesimama papo hapo au umeketi. Ya kutembeatembea chumbani inataka eneo lisilo na kitu la mita 2 kwa 2, na gari linalotoa hilo ni nadra. Chagua mpaka wa kusimama mahali pamoja. Beat Saber, gemu ya kukata vitalu kwa kurusha mikono, huchezeka hivyo, kwa masharti kwamba mikono haigusi dari wala kabati, na hapa kipimo chetu cha kuzunguka na pedi mkononi kifanywe kabla ya kuvaa miwani, kwa sababu baada ya kuvaa huoni chochote.

Kamera za miwani husoma chumba ili zijue ulipo. Vioo vya milango ya makabati na madirisha meusi ya usiku vinazionyesha chumba cha pili ambacho hakipo, na mikono yako inarukaruka kwenye mchezo. Funga mapazia, funika kioo kwa taulo, washa taa. Jua nalo ni adui wa kweli: likiingia kwenye lenzi kwa muda mfupi tu linaunguza skrini ndani na doa lake halitoki. Miwani isiachwe kwenye dashibodi wala mezani chini ya tundu la dari.

Kichefuchefu huja haraka zaidi kwenye gari kuliko nyumbani. Mwili unahisi gari limeyumba, macho hayaoni kuyumba huko, na ubongo unakataa. Miguu ya jeki iwe chini, wengine waketi, na anayeanza acheze dakika 10 apumzike. Usingoje mpaka jasho baridi limtoke.

SWALI: Watoto wanataka kucheza tukiwa njiani, baba anaendesha.

JIBU: Gemu za mwili, hapana kabisa, mama. Mtoto aliyesimama kwenye gari linalotembea, breki ikikanyagwa, anarushwa mbele kwa kasi ile ile gari iliyokuwa nayo. Akae, afunge mkanda. Konsoli kubwa na runinga ziwe zimefungwa mahali pake, maana nazo zitaruka vilevile. Akiwa na Switch mkononi acheze gemu za vidole. Zile zinazotumia kihisi cha mwendo hazitaenda hata akizijaribu, kwani kila kona anayokata baba inasomwa kama mkono uliogeuzwa.

SWALI: Tunataka kuhamishia mchezo nje, chini ya turubai la pembeni mwa gari. Tuangalie nini?

JIBU: Ni wazo zuri kuliko yote mliyotuandikia. Nje kuna nafasi ya tenisi, gofu na dansi ya watu wawili bila kugombana, na gari halitikisiki hata kidogo.

Runinga iwe kwenye mkono wa chuma unaogeuka, umefungwa kwenye ukuta wenye mbao ndani yake, ielekezwe mlangoni au dirishani. Konsoli ibaki ndani. Kebo ya HDMI ya mita 5 hupeleka picha bila taabu. Ikiwa ndefu zaidi ya hapo, picha inaweza kuanza kukatika. Pedi za Joy-Con zinafika kama mita 10 penye uwazi, lakini ukuta wenye karatasi ya alumini huzikata. Konsoli ikae karibu na mlango ulio wazi, isifichwe nyuma ya friji.

Jua ndilo litakaloamua saa ya kucheza. Mwanga wake umejaa infraredi, yaani nuru isiyoonekana kwa jicho, na rimoti ya Wii hutafuta nuru mbili ndogo za infraredi zilizo kwenye mwambaa wa juu au chini ya runinga. Jua likiwa nyuma ya runinga, rimoti inaliona jua na kile kishale kinatangatanga. Kinect, kwa aliyenayo tayari, hupofuka kwa sababu hiyo hiyo. Joy-Con hazijali, ila skrini haitaonekana. Alasiri iliyokwisha kuwa kivuli kizima, au jioni, ndiyo wakati wake.

Pangeni ardhi kabla ya mchezo: ondoeni mawe, pigeni vigingi vya turubai hadi vichwa vizame, na kamba zake zifungiwe vitambaa vyeupe. Vifundo vya miguu vinavyoteguka kwenye michezo hii vingi huponzwa na kamba wala si gemu. Tandikeni mkeka wa vipande vya sponji vinavyoshikana, si zulia jepesi linalokunjamana. Umeme wa nje upitie kikata umeme kinachojizima umeme unapovuja, maungio ya waya yakae juu ya kitu, yasilale kwenye nyasi. Umande ukianza kuonekana kwenye kiti, ingizeni runinga.

SWALI: Konsoli yangu hujizima yenyewe mchana, na asubuhi kuna matone ya maji nyuma yake. Ninaihifadhi kwenye kabati la juu.

JIBU: Kabati ndilo linaloleta matatizo yote mawili. Mchana, joto la hewa chini ya paa hupanda. Switch kwa mfano imetengenezwa kufanya kazi kati ya digrii 5 na 35, na ndani ya kabati lililofungwa 35 hufika upesi. Ilete chini, iwe na sentimita 10 za nafasi nyuma na pembeni. Kila baada ya wiki chache safisha matundu ya hewa kwa brashi laini, hasa kama mnaegesha kwenye vumbi.

Matone yanatoka kwenye pumzi na jasho. Watu wawili wakicheza nusu saa ndani ya chumba kidogo wanaijaza hewa unyevu, na usiku unyevu huo hutua kwenye kitu chochote cha baridi. Fungua tundu la dari na dirisha moja la upande wa pili, sentimita 2 zinatosha, kabla ya kuanza kucheza na dakika 20 baada ya kumaliza. Konsoli iliyopoa usiku kucha isiwashwe mara tu hita inapowaka; ipe saa moja ilingane na joto la chumba. Wala msiwashe jiko la gesi kuupasha ukumbi joto mkiwa mnacheza. Jiko linakula hewa ile ile mnayoihema kwa nguvu, na likiungua vibaya hutoa kaboni monoksidi isiyo na harufu. King'ora chake kiwepo na kiwe kinafanya kazi.

Kabla ya kuondoka, toa diski kwenye konsoli, kwa sababu barabara mbovu huigongesha na kuikwaruza. Konsoli zenye diski ya kuhifadhia inayozunguka ndani (hard disk) zizimwe kabisa, zisiachwe kwenye usingizi. Mkono wa runinga ufungwe kwa mkanda, au runinga ishushwe kitandani uso ukielekea godoro.

SWALI: Majirani kwenye uwanja wa kuegesha wanalalamika vishindo usiku, ingawa sauti ya runinga iko chini.

JIBU: Wanasikia miguu yenu ikipiga sakafu iliyo na uwazi chini yake, inavuma kama ngoma. Ring Fit Adventure ina hali ya kimya inayobadilisha kukimbia kuwe kuchuchumaa kidogo kidogo. Iwasheni kila jua likizama. Ngumi hazina kishindo mchezaji akibakiza nyayo chini. Dansi wekeni mchana. Ule ubao wa plaiwudi wenye mpira tulioueleza hapo juu nao hupunguza mvumo kwa kiasi kinachosikika.

SWALI: Mwambaa wa vihisi wa Wii yetu umekatika waya. Tumeambiwa mishumaa miwili inafaa badala yake. Ni kweli?

JIBU: Ni kweli kwamba inafanya kazi, kwa sababu mwambaa huo hauhisi chochote. Ni taa za infraredi tu, na kamera imo kwenye rimoti. Lakini moto usio na kinga ndani ya gari lenye mapazia, huku watu wanarusha mikono, hatuuruhusu. Nunueni mwambaa wa betri au wa USB. Hauhitaji kuunganishwa na konsoli. Uwekeni juu au chini ya runinga, kisha iambieni konsoli mmeuweka wapi kwenye mipangilio. Mkisimama karibu sana, chini ya mita moja, rimoti hupoteza nuru ya upande mmoja na kishale kinaruka. Rudini nyuma kidogo kwa ajili ya menyu tu. Boling na ngumi za Wii Sports zikishaanza hazihitaji mwambaa, mnaweza kusogea mnavyotaka.